Maji ya Chokaa

Masimba hakuna bahari. Hakuna hata ziwa. Kuna vilima vya Gusii, majani chai, migomba, ndizi zinazopakiwa kwenye kanta kwenda Nairobi, na mvua isiyojua kuchoka. Mvua hiyo ikimaliza kazi yake hapa huteremka na mito hadi Ziwa Victoria, ikaingia Nile, ikapita Uganda na Sudan zote mbili na Misri, mpaka Mediterania. Kwa hivyo hata maji yetu yakienda baharini, hayaendi Mombasa. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba kemia ya bahari inamhusu, atakutazama kidogo halafu akuulize kama umekula.

Lakini ingia kwenye agroveti msimu wa kupanda. Karibu na mbolea utaona magunia ya unga mweupe: chokaa ya shamba, kama ile inayochimbwa kule Koru, Kaunti ya Kisumu. Udongo wetu una asidi. Mvua ya miaka na mikaka imeiosha kalsiamu ikaenda nayo, na mbolea kama DAP imeongeza uchachu juu yake. Majani chai hayana shida na hilo, yanaupenda udongo wa aina hiyo. Mahindi ndiyo yanayolia. pH ya udongo ikishuka chini ya 5.5, mizizi hudumaa na fosforasi uliyonunua kwa bei ya juu hukwama ardhini. Ndiyo maana mwenye duka atakwambia: mama, kabla ya mbolea, weka chokaa kwanza.

Na chokaa ikifika kwenye udongo inafanya nini? Inaliwa. Inakutana na asidi, asidi inapungua, na chokaa yenyewe inaisha. Baada ya misimu michache lazima urudi dukani. Hakuna mkulima hapa anayehitaji profesa wa kumweleza hilo.

Shika hilo neno, inaliwa. Ndilo litakalotufikisha baharini.

*

Kila aliyepitia kemia ya sekondari Kenya amekutana na maji ya chokaa. Mwalimu anapitisha gesi kwenye chupa, maji yanageuka meupe kama maziwa, na wewe unaandika kwenye daftari: gesi hii ni kaboni dioksidi. Magazeti siku hizi huiita hewa ukaa. Unapata alama zako mbili, unafunga daftari, unaenda lanchi.

Jaribio lile lina nusu ya pili ambayo wengi wetu tuliikariri bila kuiuliza swali. Ukiendelea kupitisha gesi, ule weupe unapotea. Maji yanarudi kuwa maangavu kana kwamba hakuna kilichotokea. Hewa ukaa ya kwanza ilitengeneza kalsiamu kaboneti, yaani chokaa ngumu isiyoyeyuka, na ndiyo iliyoonekana nyeupe. Hewa ukaa iliyozidi ikayachachua maji, ikaila chokaa hiyo, ikaigeuza baikaboneti ambayo huyeyuka na haionekani tena.

Mimi chuo nilikiacha katikati, karo ikiwa na neno lake katika jambo hilo. Lakini hata kwa muda niliokaa darasani, sikumbuki mtu akituambia kwamba nusu ya pili ya jaribio lile ndiyo habari kubwa ya bahari katika karne hii. Kombe la chaza, konokono wa baharini, matumbawe, simbi unayovaa shingoni ukitoka likizo Diani: vyote ni kalsiamu kaboneti. Vyote ni ule weupe wa kwenye chupa. Na sisi bado tunapitisha gesi.

*

Stori hii inaanzia Scotland katika miaka ya 1750. Joseph Black, kijana aliyekuwa akisomea udaktari Edinburgh, alitaka kujua kwa nini mawe fulani yakichomwa hupungua uzito. Akagundua kwamba ndani ya jiwe la chokaa kuna hewa iliyofungwa, na moto huifungua. Hewa hiyo ikipita kwenye maji ya chokaa huyageuza meupe. Jaribio letu la sekondari ndilo hilo, na umri wake ni zaidi ya miaka 250.

Mwaka 1767 Joseph Priestley, mhubiri aliyependa sayansi, alikuwa akiishi Leeds, Uingereza, jirani na kiwanda cha bia. Aliona hewa inayoelea juu ya mapipa ya pombe inazima mshumaa. Mtu yeyote aliyewahi kuinama juu ya pipa la busaa linalochachuka anaijua hewa hiyo, inakupiga puani kabla ya pombe yenyewe. Priestley akaweka maji juu ya mapipa, maji yakainywa ile hewa, na alipoyaonja yakawa na ukali mtamu. Mwaka 1772 akachapisha maelezo ya namna ya kuyatengeneza. Hiyo ndiyo asili ya soda. Ukali unaokuchoma ulimini ukifungua soda baridi ni asidi ya kaboni, yaani hewa ukaa iliyokutana na maji.

Hata kipimo chenyewe kilitoka kwenye pombe. Mwaka 1909, katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg mjini Copenhagen, Søren Sørensen alibuni kipimo cha pH. Saba ni katikati. Chini ya saba ni asidi, juu ya saba ni alkali. Cha kukumbuka ni kwamba hatua za kipimo hiki si za kujumlisha, ni za kuzidisha: kutoka 8 hadi 7, asidi haiongezeki kidogo, inakuwa mara kumi. Kwa hivyo ukisikia pH imeshuka kwa 0.1 usicheke. Hiyo 0.1 ni nyongeza ya zaidi ya robo.

Sasa bahari. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwamba hewa ukaa ikiongezeka angani dunia itapata joto. Kwa miaka mingi baadaye wataalamu wengi hawakujali, kwa sababu waliamini bahari itaimeza yote. Bahari ni kubwa, hewa ni nyepesi, kwani shida iko wapi? Mwaka 1957 Roger Revelle na Hans Suess, waliokuwa Scripps huko California, walichapisha makala kuhusu jambo hilo. Revelle alikuwa ameona kwamba kemia ya maji ya chumvi hupokea hewa ukaa kwa masharti. Kadiri inavyopokea, ndivyo uwezo wake wa kupokea zaidi unavyopungua. Sehemu kubwa ingebaki angani. Mwezi Machi 1958, Charles David Keeling akaanza kuipima hewa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Alikuta karibu sehemu 313 katika kila milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Leo imepita 420.

Hapo historia inachukua njia ya ajabu. Kwa miongo kadhaa macho yote yalikuwa angani, kwenye joto. Ile sehemu iliyoingia majini ilihesabiwa kama bahati, maana kilichozama hakipashi dunia joto. Bahari ikawa kama yule shangazi anayelipia wote karo na hakuna anayemuuliza anakula nini. Ni mwaka 2003, katika jarida la Nature, ndipo Ken Caldeira na Michael Wickett walipoandika kuhusu kiasi ambacho pH ya bahari ingeweza kushuka, na jina la Kiingereza la tatizo hili likaanza kuenea. Mwaka 2005 Royal Society ya London ikatoa ripoti nzima. Kutoka 1957 hadi 2003 ni miaka 46. Kemia yenyewe haikuwa mpya, Black na Priestley walishatupa sehemu yake kubwa.

Bahari imekuwa ikimeza takriban robo ya hewa ukaa tunayotoa kila mwaka. Maji yake ya juu, yaliyokuwa na pH ya karibu 8.2 kabla ya viwanda, sasa yako karibu 8.1. Kwa lugha ya kuzidisha, asidi imeongezeka kwa takriban asilimia 30. Hii haimaanishi bahari imekuwa asidi, bado iko upande wa alkali. Lakini gari likitoka Nairobi kuja Kisii, likiwa Naivasha huwezi kusema limefika, na huwezi kusema limesimama.

*

Ukitaka kujua chokaa ya bahari ni mali ya nani, teremka Pwani.

Nyumba za kale za Lamu, magofu ya Gede, kuta za Fort Jesus ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596: yote hiyo ni bahari iliyosimamishwa wima. Mafundi wa Kiswahili walikuwa na aina mbili za mawe ya matumbawe. La kwanza ni jiwe la kale la nchi kavu, gumu na la mashimo-mashimo, la kujengea kuta. La pili lilikatwa likiwa hai chini ya maji. Likiwa bichi ni laini, unalichonga kwa urahisi, halafu likikauka linakuwa gumu. Ndilo lililochongwa mihrabu, miimo ya milango na vidaka vile vya kupanga ukutani. Juu kukawekwa boriti za mikoko.

Gundi ya yote hayo ilikuwa chokaa, iliyotoka kwenye tanuu. Magogo yalipangwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu, moto ukawashwa. Kilichobaki kilimwagiwa maji, kikaachwa kipoe na kukomaa, kikawa chokaa ya kupiga lipu. Mafundi wale hawakumsubiri Joseph Black. Walijua jiwe likichomwa linakuwa jepesi, ingawa hawakuwa na sababu ya kupima kinachotoka. Ukipima leo utakuta kwamba katika kila kilo 100 za kalsiamu kaboneti, kilo 44 huondoka kama hewa ukaa.

Kuna na simbi. Kabla ya noti na sarafu za wakoloni, kijikombe hicho cha konokono wa baharini kilikuwa pesa mbali sana na bahari. Buganda walikitumia, na mpaka leo pesa kwa Kiganda ni ensimbi. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya O'Swald ikiwemo, walijaza meli simbi za Zanzibar wakazipeleka Afrika Magharibi. Walizimwaga kwa wingi hadi thamani yake kule ikaporomoka. Watu waliaminiana kwa chokaa ya konokono, nao walijifunza kabla yetu kinachotokea mtu wa nje akivuruga hesabu.

Na usidhani bara hatuna chetu. Kiwanda cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilianza kutoa simiti mwaka 1954, kikichimba mwamba wa matumbawe ya kale. Mashimo yake yalipandwa miti kuanzia 1971 chini ya René Haller, na leo watu hulipa kiingilio kuona twiga humo. Mwamba wenyewe ulichomwa, ukatiwa kwenye mifuko, ukapanda malori kuja bara. Simiti ni tanuu ileile kwa ukubwa wa kiwanda, na dunia nzima ikihesabiwa, utengenezaji wake hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa ya binadamu. Kwa hivyo kama kuna jengo la zamani la mawe huku Gusii lililojengwa kwa simiti ya Mombasa, ndani ya kuta zake kuna matumbawe. Bahari ilishafika huku. Ilikuja kwa lori.

*

Matumbawe hayajengi tu, yanaandika pia. Aina zile kubwa za duara huongeza tabaka moja kila mwaka, kama sentimita moja hivi, jinsi mti unavyoongeza mzingo. Ukitoboa kwa bomba refu na kutoa mche wa jiwe, unaweza kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka.

Malindi wamefanya hivyo. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu, zilizotangazwa 1968, ni miongoni mwa za kwanza za aina yake Afrika. Mwaka 2000 jarida la Science lilichapisha kazi ya Julia Cole na wenzake, akiwemo Nyawira Muthiga wa Kenya, waliosoma tumbawe moja la Malindi kwa kipindi cha miaka 194, kuanzia 1801 hadi 1994. Ndani yake walikuta joto la maji ya Malindi likipanda na kushuka sambamba na Bahari ya Pasifiki, upande wa pili wa dunia. Mwaka 2007 timu nyingine, iliyoongozwa na Dominik Fleitmann, ilisoma kumbukumbu ya Malindi ya miaka 300 hivi. Wao walitafuta bariamu, inayokuja na tope la mto Sabaki. Kwa miaka 200 tope lilikuwa la kawaida. Baada ya 1900 likaanza kupanda, wakati ukoloni ulipobadilisha namna ardhi ya juu inavyolimwa, na likaendelea kupanda idadi ya watu ilipoongezeka.

Tafakari hilo. Faili nyingi za ukoloni zilichomwa au zikasafirishwa Uingereza. Lakini udongo wa Ukambani na milima ya kati ulipokatwa na mvua, ulipita Athi, ukawa Sabaki, ukafika Malindi, na mnyama asiye na macho akaandika tarehe.

Uandishi huo unarudi nyuma sana. Kusini mwa Tanzania, kati ya Kilwa na Lindi, kuna udongo wa mfinyanzi ambao zamani ulikuwa sakafu ya bahari. Ndani yake kuna vijiganda vya foraminifera, viumbe wadogo kuliko punje ya mchanga, vilivyohifadhika vizuri kwa namna ya nadra duniani. Mwaka 2009 Paul Pearson na wenzake walitumia boroni iliyomo kwenye vijiganda hivyo kusoma pH ya bahari ya takriban miaka milioni 34 iliyopita, na kutoka hapo wakakadiria hewa ukaa ya wakati ule. Udongo wa Tanzania umeisaidia dunia kujua bahari ilikuwaje kabla hajazaliwa mtu.

Bahari imewahi kupitia jambo linalofanana na letu. Takriban miaka milioni 56 iliyopita kaboni nyingi iliingia hewani na majini kwa ghafla, ingawa ghafla ya wakati ule ilichukua maelfu ya miaka. Mche wa tope uliotolewa chini ya bahari, magharibi mwa Namibia, unaonyesha kipindi hicho kwa macho matupu: tabaka nyeupe la vijiganda, halafu ghafla wekundu wa mfinyanzi. Chokaa yote imeliwa. Juu yake, baada ya muda mrefu sana, weupe unarudi. Ni jaribio la sekondari, nusu zote mbili, ila chupa ni bahari nzima na anayesubiri majibu lazima asubiri zaidi ya miaka 100,000.

*

Sasa viumbe wa leo. Hewa ukaa ikiingia majini inatengeneza asidi ya kaboni, asidi inaachia ayoni za haidrojeni, na ayoni hizo zinanyakua kaboneti iliyokuwa inaelea humo. Kaboneti hiyo ndiyo tofali ambalo chaza na matumbawe huchota kujengea. Kwa hivyo kabla ganda halijaanza kuyeyuka, ujenzi tayari umekuwa ghali. Fikiria fundi ambaye bei ya simiti inapanda kila wiki: ukuta wake hauanguki, lakini unakuwa mwembamba, na kazi inachukua muda mrefu.

Hilo limeonekana. Kati ya 1872 na 1876 meli ya Kiingereza, HMS Challenger, ilizunguka dunia ikikusanya tope na viumbe wa baharini, vikawekwa kwenye makumbusho London. Kati ya 2009 na 2016 meli nyingine, Tara, ilikusanya planktoni. Mwaka 2020 Lyndsey Fox na wenzake walilinganisha vijiganda vya foraminifera vya safari hizo mbili kutoka Pasifiki. Vya sasa vyote vilikuwa vyembamba zaidi, na katika spishi moja tofauti ilifika asilimia 76.

Limeonekana pia kwenye pesa. Kuanzia 2007, vituo vya kuzalisha chaza kwenye pwani ya Oregon, Marekani, vilipoteza vifaranga vya chaza kwa mamilioni. Watu walishuku ugonjwa. Baadaye ikabainika kwamba ni maji yenyewe: mtoto wa chaza anahitaji kujenga ganda lake la kwanza katika siku chache tu, na maji ya baridi yaliyopanda kutoka kina kirefu yalikuwa na asidi kuliko anavyoweza kuvumilia. Dawa yao ilikuwa nini? Walipima maji na kuyaongezea kemikali ya kupunguza asidi kwenye matangi. Yaani, kwa lugha ya Masimba, walienda agroveti.

Kwetu Pwani, ukweli usipindwe: kinachoua matumbawe kwa haraka ni joto. Mwaka 1998, El Niño ilipopasha Bahari ya Hindi, matumbawe yaligeuka meupe, weupe wa kifo huo, na sehemu nyingi za Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Asidi huja nyuma ya joto. Haibomoi nyumba, inamzuia aliyebomolewa asijenge tena. Mwaka 2021 David Obura wa CORDIO, Mombasa, na wenzake walichapisha tathmini ya miamba ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi. Walikuta yote iko katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50, joto na uvuvi wa kupita kiasi vikiwa mbele. Nyuma ya miamba hiyo kuna samaki wa Msambweni, Gazi na Kilifi, kuna wavuvi wa mitumbwi wasioweza kwenda mbali, na kuna mawimbi ambayo mwamba huyavunja kabla hayajafika kijijini.

*

Wengine watauliza: kama Masimba tunaweka chokaa, si bahari nayo iwekewe? Swali ni zuri, na wapo wanasayansi wanaolifanyia kazi. Lakini hebu tupige hesabu. Bahari humeza takriban tani bilioni 10 za hewa ukaa kwa mwaka. Kwa kemia ya kawaida, kila tani 44 za hewa ukaa hula tani 100 za kalsiamu kaboneti. Ili kuzituliza tani zote hizo kwa jiwe la chokaa ungehitaji karibu tani bilioni 23, kila mwaka, zisagwe na zisafirishwe. Dunia nzima, na maghorofa yake yote, hutengeneza kama tani bilioni 4 za simiti kwa mwaka. Na ukiichoma hiyo chokaa kwanza ili iyeyuke haraka, kumbuka tanuu: asilimia 44 inarudi hewani.

Shusha hesabu hiyo hadi barabarani. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Robo yake, zaidi kidogo ya nusu kilo, itaishia baharini. Ili bahari iitulize yote itahitaji, hatimaye, kama kilo 1.3 za chokaa. Boda boda ikitoka hapa kwenda Keroka na kurudi, bahari ambayo dereva hajawahi kuiona imeshaandikiwa deni.

Ila usimwandame huyo wa boda. Afrika nzima, watu zaidi ya bilioni moja, hutoa takriban asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia inayotokana na mafuta, makaa ya mawe na gesi. Deni la chokaa liliandikwa zaidi kwingine, na watu walioanza zamani. Kama vile simbi za Zanzibar zilivyopoteza thamani kwa sababu ya meli za wengine, chokaa ya Malindi inapungua thamani kwa sababu ya mabomba ya moshi ambayo Malindi haina. Tofauti ni kwamba simbi zikishuka thamani, mtu angeweza kuhamia sarafu nyingine. Tumbawe halina sarafu nyingine.

Kilichobaki kuamuliwa ni kiasi. Hewa ukaa ikiendelea kutolewa kwa wingi, pH ya maji ya juu inaweza kufika karibu 7.8 ifikapo 2100. Ikipunguzwa kwa haraka, itatulia isiyo mbali sana na ilipo sasa. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu, hapa au Kilifi, anaweza kuishi kuona mojawapo.

Na kama wewe ni mwalimu wa kemia, au una ndugu aliye mwalimu, nina ombi moja dogo. Maji ya chokaa yakigeuka meupe, usiondoe bomba. Ongeza dakika chache, gesi iendelee kupita, wanafunzi wakae kimya waone weupe ukipotea. Wakikuuliza umeenda wapi, waambie kwanza kuhusu shamba la kwao. Halafu waambie kuhusu Malindi.